Neno la Moto kwa Punje ya Kahawa

Mchungaji wetu amenihubiria msamaha kwa miaka mingi, nami nimemsikiliza kwa adabu zote, nikampa chai na ndizi za kuchoma, nikamsindikiza hadi barabarani. Kusamehe sijasamehe, na yeye anajua, kwa sababu nimemwambia usoni. Baba mdogo alininyang'anya kibanja cha baba yangu kabla udongo wa kaburi haujakauka. Nilikirudisha kwa njia ambayo hakuna mzee wa ukoo aliyewahi kuisikia: kwa mchezo wa dadu na hadithi, mchezo wa vijana wa Ulaya, ambao ndani yake mimi nilikuwa mchawi.

Kibanja chenyewe kiko Ijumbi, Muleba. Kwa asiyetujua sisi Wahaya, kibanja si shamba tu. Ni migomba na mibuni, nyumba katikati, na makaburi ya wazee nyuma ya nyumba. Mtu asiye na kibanja hana pa kuzikiwa, na asiye na pa kuzikiwa ni kama hakuzaliwa. Babu aligawa chake kwa wanawe wawili. Baba yangu, mkubwa, alibaki palepale kama mrithi wa nyumba. Baba mdogo alipewa kipande cha chini, akakiuza kwa mgeni, akajenga nyumba ya bati Bilele, mjini Bukoba, akavaa suruali zenye mikunjo na kuanza kutuita watu wa shamba.

Vita vilipokuja, watu wa shamba tukawa watu wa maana. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka lori lililomleta baba mdogo na mkewe na mwanawe kutoka mjini, na magodoro juu, na mama yangu akimenya ebitoke, ndizi zetu za kupika, za kulisha nyumba mbili. Walikaa kwetu hadi mizinga ilipokwisha. Walikula, wakanenepa, wakarudi Bilele. Sijui kama alisema asante. Mimi sikusikia.

Baada ya vita ukaja ule ugonjwa. Mwanzoni watu waliupa jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kikivuka mpaka, na walilitaja wakicheka. Hawakucheka muda mrefu. Mama yangu alitangulia, kisha baba akaanza kukonda. Ilipofika wiki ambayo hakuweza tena kuinuka, baba mdogo alikuja Ijumbi na mwanawe, kijana aliyenizidi miaka miwili, aliyekuwa anasoma sekondari. Nitamwita kaka, kwa sababu kwa mila zetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu, si binamu.

Siku baba alipofariki mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji. Ndani walikuwa wawili tu: baba mdogo, ameketi, na kaka, ameshika kikombe cha maji mdomoni pa baba yangu. Baba alisema maneno yake ya mwisho kwa hao wawili. Nilipoingia na uji, alikuwa amekwisha.

Baada ya maziko wazee wa ukoo walikaa uani na pombe yao ya ndizi, wakauliza marehemu ameacha neno gani. Baba mdogo akasimama, akatoa machozi yaliyokuwa yamekaa tayari, akasema, "Kaka yangu hakuacha neno. Alikuwa hawezi kusema." Wazee wakaafiki: basi wewe shika kibanja na mtoto, hadi tutakapokaa tena. Jioni ileile, nyuma ya ghala la kahawa, kaka alininong'oneza, "Baba yako alisema kibanja ni chako, usitolewe." Kesho yake nilimwomba awaambie wazee. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za nchi nyingine. "Kuwaambia nini? Mimi sikusikia kitu." Shavuni alikuwa na alama ya vidole, na vidole hivyo nilivijua ni vya nani.

Nikapelekwa Bilele. Nililala stoo na magunia ya maharage, nikafua mashati ya baba mdogo, nikapiga pasi mikunjo ya suruali zake. Hasira hasara, wanasema. Mimi wakati mwingine hasira ilinilisha kuliko maharage. Nilipanga jambo moja tu kichwani kila nilipowasha pasi ya mkaa: yule kijana atasema alichosikia, mbele ya wazee wote, na mtu huyu atatoka kibanjani kwetu akikanyaga nguo zake.

Mchezo ulikuja na likizo. Shuleni kwa kaka palikuwa na mwalimu wa kujitolea, kijana wa Kizungu, ambaye alipokuwa anarudi kwao aligawa vitu vyake. Wenzake kaka walipata viatu na redio. Yeye alipata boksi la karatasi ngumu lenye vitabu vya Kiingereza na dadu za ajabu: moja yenye nyuso nne, nyingine nane, nyingine kumi, nyingine ishirini. Alitufundisha barazani, mimi na binti wa jirani, msichana wa kabila lingine ambaye baba yake alikuwa akinunua samaki kisiwani Bumbire na kuwauza mjini. Mchezo hauna ubao wala kete. Mmoja ndiye mkuu: anasimulia mko wapi na mmekutana na nini. Wengine kila mmoja ni mtu fulani ndani ya hadithi, anasema anafanya nini, na dadu huamua kama amefaulu. Binti wa samaki alichagua kuwa mpiga upanga. Kaka alikuwa mkuu wa mchezo, na papo hapo akajipa mtu wake wa kucheza. Alikuwa hakimu na alikuwa na kesi. Nilikuwa nimekwisha kuona jambo kama hilo katika ukoo wetu, kwa hiyo sikushangaa.

Mimi nilitakiwa niwe kuhani. Kaka alisema inamfaa msichana, tena Mlutheri. Kuhani wa mchezo huo anaamka asubuhi, anasali, anapewa nguvu zake bure. Nikasema sitaki cha kupewa. Nilikuwa nimesali Ijumbi siku nyingi na nilijua nilichopewa. Nikauliza yule mwingine, mzee wa joho aliyechorwa kitabuni, anapataje zake. Kaka akasema, "Huyo hapewi. Anatafuta." Nikasema ndiye mimi. Naye kaka alikuwa amejichagulia huyohuyo, kwa hiyo tukawa wachawi wawili, ingawa barazani hatukuthubutu kumwita mchawi. Mama mdogo, mke wa baba mdogo, angelitia boksi lote jikoni likaivishe maharage. Tulimwita fundi, na uchawi wake tuliuita neno.

Fundi huanza na kitabu chenye maneno machache mno. Mimi nilikuwa na moja, la kulaza watu usingizi. Akitaka mengine hakuna shule wala sala. Ni lazima ayapate mahali yalipoandikwa: katika kitabu cha fundi aliyekufa, katika karatasi iliyofichwa kwenye magofu, au kwa fundi mwenzake aliye hai na aliyekubali kumwonyesha, na hao wa kukubali ni wachache. Akilipata, bado si lake. Kila fundi huandika kwa namna yake, hivyo inabidi kwanza alielewe, na hilo huamuliwa na dadu mbili za nyuso kumi, kwa kadiri ya akili zake. Akishindwa, inambidi alisahau neno hilo hadi apande ngazi. Akiweza, analinakili kitabuni mwake, na kama alilitoa kwenye karatasi, maandishi ya karatasi yanafutika, hakuna mwingine atakayelisoma. Kisha kila asubuhi analikariri, na akishalitamka linamtoka kichwani, analikariri upya. Binti wa samaki alisikiliza yote haya akasema, "Kazi yote hiyo, si bora upanga?" Mimi nilikuwa nimependa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilikuwa nimesikia sheria ambayo haikuniambia ningoje.

Basi tukacheza, na nusu ya likizo sikupata neno. Nikikuta kitabu, kaka anarusha dadu nyuma ya kifuniko cha boksi, anatikisa kichwa: "Pole, hukuelewa." Kitabu kilekile kikimfikia fundi wake, loh, ameelewa mara moja! Kesi ya nyani hakimu ngedere. Fundi wake akawa na maneno ya kupaa, ya kutoonekana, ya kufungua makufuli. Wangu alilaza watu usingizi.

Nikaamua kusoma sheria mwenyewe. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba, yaani cha kusema kalamu iko mezani. Lakini kufagia chumba cha kaka ilikuwa kazi yangu, na kamusi yake ilikaa dirishani. Kila alipotoka nilifagia polepole sana. Nilisoma kurasa za fundi neno kwa neno, ufagio umeegemea kiuno, mpaka nikazijua kuliko yeye. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba dadu za kuelewa zirushwe mafichoni na mkuu. Mwenye fundi hurusha mwenyewe.

Nilipolisema hilo barazani kaka alicheka, akasema nimeota. Aliyeniokoa ni binti wa samaki. Alikulia ufukweni, kwenye mizani, na alikuwa na sauti ya kuitia mtumbwi. "Kaka," alisema, "kwetu mtu akipima samaki amegeuza mgongo, tunajua ni mwizi. Rusheni hapa katikati tuone wote. La sivyo mimi naenda zangu, mcheze na kivuli." Bila yeye hapakuwa na mchezo. Kaka akakubali, uso umemvimba.

Siku hiyohiyo, katika hadithi, tulivunja kaburi la fundi wa zamani na ndani yake tukakuta karatasi moja. Kaka mwenyewe aliiweka pale akiwa amejiandalia: neno la moto, lile kubwa, linalorushwa kama tufe na kuteketeza chumba kizima. Mimi ndiye niliyekuwa mbele. Nikarusha dadu sakafuni, mbele ya macho yote, na nikaelewa. Nikalinakili. Karatasi ikafutika. Katika ulimwengu wote wa mchezo ule, neno la moto lilikuwa kitabuni mwangu tu.

Sijui kama naweza kueleza raha niliyoipata. Kaka alinibembeleza siku nzima. Akasema nimpe fundi wake anakili, akaahidi kunipa badala yake neno la kupaa, kisha la kupaa na la makufuli pamoja. Nikakataa. Akasema yeye ni mkuu na anaamuru. Binti wa samaki akainuka kwenda kwao, ikabidi amrudishe. Nami nilipoona anataka kweli, anataka hadi anakosa haya, ndipo jambo lililokaa kichwani tangu Ijumbi likapata miguu.

"Nitakupa," nikasema. "Bila badala. Lakini fundi hamfungulii kitabu fundi asiyemwamini. Inabidi kwanza wale omukago."

Omukago ni udugu wa kuchanjiana. Watu wawili wanachukua tunda moja la kahawa, ambalo ndani yake kuna punje mbili pacha, kila mmoja anapaka punje yake damu yake, wanabadilishana, wanatafuna na kumeza. Tangu hapo, mmoja akiomba, mwingine hanyimi: iwe kitu, iwe kazi, iwe ushahidi. Anayemnyima mwenzake, wazee wanasema punje ile humvimbia tumboni hadi imuue. Mababu zetu waliula na wafanyabiashara, na majirani, na watu waliowaogopa. Sisi Wahaya hata kahawa ya kawaida hatuitafuni ovyo. Mgeni huletewa akamwani, au kamwani tu, kahawa kavu ya kutafuna, kwenye kikasha, na mwenyeji hutafuna naye.

Binti wa samaki hakuujua omukago, akaufurahia kama kipande cha mchezo. Kaka aliujua, akasita. "Sisi ni wa ukoo mmoja," alisema. "Ndugu wa damu moja hawali omukago. Watakula wa nini?"

"Si sisi tunaokula," nikamjibu. "Ni mafundi. Fundi wako na fundi wangu si ndugu."

Alifikiri kidogo, akacheka kama mtu anayejiona mwerevu kumzidi mwerevu. Nikaleta akamwani kutoka kikasha cha mezani kwa mama mdogo. Damu hatukutia. Miaka ile damu ilikuwa imekuwa kitu cha kuogopwa, hata mwenye kujikata na kisu cha kumenyea ndizi alijificha. Nilipasua tunda, nikampa punje moja, nikachukua nyingine. Tukatafuna. Nikahakikisha amemeza. Kisha nikamfungulia kitabu, fundi wake akarusha dadu, akaelewa, akanakili neno la moto, na jioni ile akateketeza majitu yote aliyoyakuta, akipiga kelele hadi mama mdogo akatufokea.

Nilimwacha afurahi. Kesho yake asubuhi, akinywa chai peke yake, nikamsogelea.

"Ndugu wa kamwani," nikamwambia, "nina ombi."

"Unataka neno la kupaa?"

"Nataka useme mbele ya wazee wa ukoo maneno uliyoyasikia umeshika kikombe."

Mkate ulimkaa mdomoni. Akasema ule ulikuwa mchezo. Akasema ni mafundi waliokula, nilisema mwenyewe, binti wa samaki ni shahidi.

"Fundi wako ana mdomo?" nikamuuliza. "Meno yaliyotafuna ni ya nani? Punje iko ndani ya tumbo la nani sasa hivi?"

Mtu wa leo atacheka, kijana wa sekondari mwenye fizikia na kemia kuogopa punje ya kahawa. Hakuwapo. Miaka ile kila Jumamosi palikuwa na msiba, wakati mwingine miwili njia moja. Kila mtu alikuwa akijipima mkanda wa suruali. Kijana akikohoa aliangaliwa, akikosa hamu ya kula aliangaliwa zaidi. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuongeza laana juu ya yaliyopo. Kaka alikataa ombi langu asubuhi, na mchana hakumaliza chakula. Mimi sikumwomba tena. Nilichofanya ni kumuuliza kila asubuhi, kwa heshima, nikimwekea uji, "Tumbo limeamkaje, kaka?" Basi. Hilo tu. Alikonda kwa mawazo mbele ya macho yangu, na sikumwonea huruma hata kidogo, kwa sababu alama ya vidole shavuni ilifutika baada ya siku mbili na stoo yangu ilikuwa haijafutika.

Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyeita kikao. Alitaka kuuza nusu ya kibanja kwa tajiri mmoja wa kahawa, na ardhi ya ukoo haiuzwi bila ukoo kuambiwa. Tukaenda Ijumbi wote. Wazee walikaa palepale walipokaa siku ya maziko, nyasi mpya zimetandazwa, kibuyu cha pombe kinazunguka. Baba mdogo alizungumza vizuri sana. Alisema mzigo umemlemea, alisema karo yangu, ambayo hakuwahi kuilipa, na akatoa machozi yake. Mzee wa ukoo, mdogo wake marehemu babu, alikuwa kipofu na alikuwa na tabia ya kugeuza sikio badala ya uso. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Nilimwangalia kaka. Sikutikisa hata kope. Alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono tumboni.

Akasimama. "Waitu," alimwambia mzee, kwa neno letu la heshima. "Marehemu aliweza kusema. Alisema kibanja ni cha binti yake, asitolewe. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe."

Baba mdogo aliruka. "Mtoto huyu alisikia vibaya! Alikuwa analia!"

Mzee akageuza sikio. "Kwanza ulituambia marehemu hakusema kitu," alisema taratibu. "Sasa unatuambia mtoto alisikia vibaya. Alisikia vibaya nini, kama hapakusemwa kitu?"

Mzee mmoja akacheka puani, na kicheko kikazunguka pamoja na kibuyu. Njia ya mwongo ni fupi. Walikata shauri kabla jua halijashuka: mtoto wa kike atakaa kibanjani na kula matunda yake maisha yake yote, hatauza, na shangazi yangu mjane atakaa naye hadi akue. Baba mdogo aliambiwa aondoke na alichokuja nacho. Alipokuwa anashuka kwenda barabarani kwa hasira, aliteleza kwenye maganda ya ndizi na suruali yake ya mikunjo ikapata matope hadi magotini. Mikunjo hiyo nilikuwa nimeipiga pasi mimi. Nilicheka kwa sauti, na shangazi akaniziba mdomo kwa kanga huku naye mabega yakimtikisika.

Kaka alilipa. Baba yake alichoma boksi zima uani Bilele, dadu zikayeyuka, kisha akamfukuza nyumbani. Alikwenda Bumbire, akafanya kazi kwa baba yake yule binti wa samaki, na baadaye akamwoa binti mwenyewe. Kwangu hakuja miaka mingi. Mimi nilichuma kahawa, nikapanda migomba mipya, nikasoma, nikalala chumba alichofia baba. Nilidhani kisasi changu kimekamilika, na kilikuwa kitamu.

Kisha ugonjwa ukamfikia baba mdogo. Ukoo ulipoanza kunong'ona atazikwa wapi, likajitokeza jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitamka: hana pa kuzikiwa. Kipande chake alikiuza. Nyuma ya nyumba yangu kuna baba yake, mama yake na kaka yake, wamelala mstari mmoja, na kando ya baba yangu pamebaki nafasi ya mtu mmoja. Wazee walituma mtu kwangu. Nikasema hapana. Wakatuma mchungaji. Nikampa chai, nikasema hapana. Nikawaambia mji una makaburi ya manispaa, azikwe huko na watu asiowajua, kwa namba. Nilikuwa nimelingoja neno hilo la kusema bila kujua kwamba nalingoja, na nililisema kwa mdomo mpana.

Kaka akaja. Alikuwa mwanamume mzima, ananuka moshi wa samaki. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye nyasi za uani akanyoosha kiganja kitupu.

"Ndugu wa kamwani," alisema, "nina ombi."

Hasira iliyonipanda siku ile sijapata kuiona tena. Ningeweza kumwambia ulikuwa mchezo. Ningeweza kusema ni mafundi. Lakini mimi ndiye niliyemfundisha kwamba inafunga, nikampokonya baba yake kwa kumfundisha hivyo, na punje nyingine ilikuwa imemezwa na mimi. Nilikaa kwenye ngazi.

"Unaomba nini?" nikasema. "Sema sawasawa."

"Naomba baba apate kaburi kwenye kibanja hiki."

"Umepata."

Aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka. Nikamwambia nitampelekea mgonjwa habari hiyo mimi mwenyewe.

Nilipanda basi la asubuhi hadi Bukoba. Nyumba ya Bilele ilikuwa imeshika kutu. Baba mdogo alikuwa kwenye mkeka barazani, palepale tulipokuwa tukirushia dadu, mwepesi kama ganda la maharage. Mama mdogo alinipa kigoda na chai, akakimbilia jikoni. Nikamwambia kwamba atazikwa Ijumbi. Alifumba macho, na uso wake wote ukalegea, nikaona jinsi alivyokuwa amefanana na baba yangu.

"Karibu na kaka," alisema.

"Hapana. Kule chini, mpakani, kando ya kipande ulichouza."

Akafumbua macho. "Pale juu pako wazi. Nafasi ipo."

"Ipo. Mwanao aliomba kaburi kwenye kibanja, nami nimempa. Karibu na baba yangu hakuomba."

Alitafuta pumzi. Ndani nilisikia mama mdogo akiacha kugusa vyombo. Kisha baba mdogo akautoa mkono wake chini ya blanketi, ule mfupa, akaufungua kiganja kuelekea kwangu.

"Basi naomba mimi," alisema. "Mwanangu. Nakuomba mimi."

"Wewe hukula kamwani na mimi," nikamwambia, nikanywa chai yangu hadi mwisho kwa sababu mama mdogo alikuwa ameitia sukari, kisha nikaenda kungoja basi.

Alizikwa mpakani wiki iliyofuata. Kaka alichimba mwenyewe na hakunitazama. Mchungaji alihubiri, tukaimba, nami niliimba sauti ya pili kama kawaida yangu. Nyasi za pale chini nazifyeka kila zikikua, kwa sababu ni shamba langu.